Mtoto Akiwa Kwenye Dozi za Saratani: Mwongozo Kamili wa Siku za Nyumbani

Wazazi wengi ninaokutana nao kliniki hawakwami wodini. Wodini kuna manesi, kuna dripu, kuna mtu wa kumuuliza hata saa nane za usiku. Wanakwama nyumbani, zile wiki mbili tatu kati ya dozi moja na nyingine. Na wanakwama palepale kila mara: mtoto anapata joto usiku, anapewa Panadol, joto linashuka, nyumba nzima inalala. Kunapokucha mtoto amelegea, na saa ambazo zingemwokoa zimeshapita.

Binti yangu alianza kutibiwa lukemia, yaani saratani ya damu, akiwa na miaka minne. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mbagala, na kaka yake wa miaka saba, na mtoto mchanga mgongoni. Haya ninayoandika ni yale tuliyofundishwa na manesi na madaktari, pamoja na yale tuliyojifunza kwa kukosea. Kama wodi yenu imewapa maelekezo tofauti na haya, fuateni ya wodi yenu, maana dawa zinatofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla mtoto hajafika nyumbani

Usisubiri ruhusa ya kutoka ndipo uanze kutafuta. Tuma mtu dukani mapema.

- Kipimajoto cha kidijitali, na betri ya akiba. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki. Mkono juu ya paji la uso hautoshi.
- Daftari lenye gamba gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Isipofungwa, watoto wataichukua.
- Barua ya wodi yenye jina la ugonjwa, jina la dawa anazopata, tarehe ya dozi ya mwisho na namba za simu za wodi. Toa nakala tatu.
- Glavu za kutupa, na mifuko ya plastiki ya takataka.
- Ndoo yenye koki na sabuni, ikae mlangoni.
- Neti yenye dawa, isiyo na tundu.
- Mswaki laini kabisa na kikombe cha mtoto peke yake.
- Begi la dharura: khanga mbili, nguo za mtoto, chaja, barua ya wodi, kadi ya kliniki, maji ya kunywa.
- Nauli ya usiku, imefungwa kwenye bahasha ndani ya begi hilo. Haiguswi kwa ajili ya mkaa wala vocha.
- Dereva mmoja wa bajaji au teksi anayekaa karibu, aliyekubali kuamshwa. Ongea naye mchana, mkubaliane bei, mwonyeshe mlango.

Dereva wetu alikuwa kijana wa mtaa wa pili. Nilipomweleza, aliandika namba yangu kwenye simu yake kwa jina "Mama mgonjwa – POKEA". Hiyo herufi kubwa ilitusaidia mara nne.

## Hatua ya 1: Usitoke wodini bila majibu manne

Siku ya ruhusa kila mtu ana haraka. Mtoto analia kwenda nyumbani, na baba anapiga simu kuwa gari lipo nje. Hapo ndipo maelekezo yanapopotea. Kaa chini, fungua daftari, uliza na uandike:

1. Damu yake itashuka lini? Kwa dawa nyingi, kinga huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, ingawa si kwa zote.
2. Joto likifika ngapi nimlete? Kwapani au mdomoni?
3. Nikimpigia nani usiku atapokea? Piga namba hiyo palepale mbele ya nesi uone kama inaita.
4. Tarehe ya kurudi ni ipi, na siku hiyo aje amekula au asile?

Kisha chora kalenda kwenye ukurasa mzima. Siku za damu kushuka zipake rangi nyekundu. Sisi tulitumia penseli ya kaka yake, na yeye ndiye aliyepaka, kwa hiyo alijua siku gani rafiki zake wasiingie ndani.

Ukirudia maelekezo kwa maneno yako mwenyewe mbele ya nesi naye akatikisa kichwa kukubali, hapo uko tayari kuondoka.

## Hatua ya 2: Panga nyumba siku ya kwanza

Huhitaji nyumba kubwa. Unahitaji kona moja safi: godoro lake, neti yake, shuka zinazofuliwa mara kwa mara na kukaushwa juani. Kama watoto wanalala pamoja, mgonjwa alale peke yake zile siku nyekundu, hata kama ni kwenye mkeka ulio pembeni ya kitanda chako.

Kila anayeingia ananawa mikono kwa sabuni. Kila anayeingia, hata shehe, hata mchungaji, hata baba mkwe. Sababu ni nyepesi: dozi inaua seli za saratani, lakini inaua pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kidudu ambacho kwako ni mafua ya siku mbili, kwake kinaweza kuingia kwenye damu.

Fukuza vumbi la kazi. Kama kuna ujenzi jirani, au mbolea na kuku ndani ya banda linalogusa dirisha, mhamishie mtoto upande mwingine. Kufagia kufanyike akiwa nje.

## Hatua ya 3: Saa 48 za kwanza, mkojo na matapishi

Hili wengi hawaambiwi, au wanaambiwa wakiwa wamechoka. Kwa siku mbili baada ya dozi, dawa inatoka mwilini kupitia mkojo, choo na matapishi.

Vaa glavu unapobadilisha nepi, unapomwaga poti au unapofuta matapishi. Nepi funga kwenye mfuko, kisha mfuko mwingine. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito au anayenyonyesha asifanye kazi hii kama kuna mtu mwingine wa kuifanya. Mimi nilikuwa nanyonyesha, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya baba yao. Kumkumbatia mtoto, kumbusu, kulala naye ni salama kabisa. Usimwogope mwanao.

Ile dawa ya kemo yenye rangi nyekundu (doksorubisini au daunorubisini) inaweza kufanya mkojo uwe mwekundu au wa chungwa kwa siku moja au mbili. Hiyo siyo damu. Lakini kama mkojo ni mwekundu na hakupewa dawa hiyo, au rangi haiondoki, piga simu wodini.

Mpe maji mara kwa mara, kidogo kidogo. Mtoto anayekojoa vizuri anasafisha dawa mwilini.

## Hatua ya 4: Dawa za kumeza

Tengeneza jedwali kwenye daftari: jina la dawa, saa, na kisanduku cha kuweka alama. Alama inawekwa baada ya kumeza. Ukiiweka kabla, siku moja mtoto atatema kidonge nyuma ya kochi na daftari litasema amekunywa.

Vidonge vya steroidi, kama prednisolone, vinapewa na chakula, na haviachwi ghafla hata mtoto akivimba mashavu. Vinaleta njaa na hasira. Binti yangu aliamka saa tisa usiku akitaka kula, akalia kana kwamba amenyimwa siku tatu. Nilikuwa namchemshia yai na kumpa ndizi, kisha tunalala. Usimpige kwa hasira hizo. Zinakwisha dawa ikiisha.

Vidonge vya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, vya kumeza nyumbani usivisage na kupeperusha unga wake. Viloweshe kwenye kijiko kwa maji kidogo, ukiwa na glavu, mtoto anywe palepale. Akitapika, usirudie kwa kukisia. Andika saa aliyomeza na saa aliyotapika, upige simu.

Septrin. Watoto wengi wanapewa siku chache kwa wiki ili kuzuia nimonia ya aina mbaya. Hapa kuna familia zimekwama kwa sababu ya aibu. Jirani akiona Septrin anaanza kunong'ona kuwa mtoto ana VVU, mama anaificha, mwisho anaiacha. Usiiache. Ihamishie kwenye kopo lisilo na maandishi nje kama macho ya watu yanakusumbua, ila andika jina na kipimo ndani ya kifuniko.

Choo kigumu. Sindano ya vinkristini inafunga choo na inaweza kuleta maumivu ya taya au miguu. Mpe papai, maji, na dawa ya kulainisha choo uliyopewa hospitali. Usimwingize chochote njia ya haja kubwa: si dawa, si sabuni, si kipimajoto. Mchubuko mdogo pale ni mlango wa maambukizi. Siku mbili bila choo, piga simu. Ukiona anaburuta mguu au anajikwaa kwa vidole, andika na umwambie daktari.

## Hatua ya 5: Joto likipanda

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Kisha mkalishe chini kila mtu mzima wa nyumba yako, dada wa kazi akiwemo, umsomee.

Pima asubuhi na jioni, na kila unapomshuku. Kausha kwapa, weka ncha katikati, bana mkono, subiri mlio. Andika namba na saa.

Namba zetu zilikuwa hivi. Chini ya 37.5 tuliendelea na maisha. Kuanzia 37.5 hadi 37.9 tulipiga simu wodini na kupima tena baada ya nusu saa. Kuanzia 38, tulichukua begi. Hatukuanza kujadiliana, wala kusubiri kupambazuke, wala kumpigia kwanza shangazi aliye nesi Dodoma.

Usimpe Panadol kabla ya kupima na kuongea na wodi. Panadol haitibu maambukizi. Inashusha namba, unatulia, na bakteria wanaendelea kuzaana. Ibuprofen, diklofenaki na aspirini usimpe kabisa bila ruhusa, kwa sababu zinazidisha hatari ya kutokwa damu wakati chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka.

Usianze na duka la dawa. Najua kwetu joto ni malaria mpaka ithibitike vingine. Kwa mtoto huyu, geuza: joto ni maambukizi ya damu mpaka ithibitike vingine. Kipimo cha malaria kitafanyika hospitali, na kikionyesha malaria atatibiwa, lakini hata kikiwa chanya bado lazima aangaliwe maambukizi mengine. Dozi ya mseto uliyonunua haitoshi.

Nenda hata bila joto ukiona mojawapo ya haya: anatetemeka kwa baridi, hasa baada ya kanula au mrija wake kusafishwa, amelegea na hataki hata katuni, anapumua haraka, miguu na mikono ni baridi huku kichwa kina moto, damu za pua au fizi hazikatiki, madoa madogo mekundu yametokea kwenye ngozi ghafla, kichwa kinamuuma sana au amepata degedege. Steroidi zinaweza kuficha joto, kwa hiyo mtoto akiwa kwenye vidonge hivyo amini macho yako kuliko kipimajoto.

Ukifika mapokezi, sema sentensi tatu. "Mtoto huyu yuko kwenye kemo. Ana joto la 38 na nukta kadhaa tangu saa fulani. Anahitaji antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja." Toa barua. Usianze na historia ya ugonjwa tangu uvimbe wa kwanza, maana anayekusikiliza ana foleni.

Sisi mara ya kwanza tulikosea. Ilikuwa saa nne usiku, 38.4. Nikampa Panadol, nikamkanda kwa kitambaa, saa sita joto likawa 37.2. Nikalala kwa shukrani. Saa kumi alfajiri nikashika mguu wake ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Tulifika kituo kimoja cha jirani tukaambiwa tukae kwenye benchi kama wengine. Tulikaa mpaka nesi mmoja aliyekuwa anapita akasoma ile barua mkononi mwangu, akamchukua mtoto bila kuniuliza neno. Alikaa hospitali siku kumi na mbili. Alipona. Mtoto wa mama tuliyekuwa tunashiriki naye ndoo pale wodini hakupata nesi wa kupita.

Mkiwa mbali. Kama wodi yenu iko Muhimbili, Bugando au KCMC nanyi mko wilayani, au mnatibiwa Nairobi, Eldoret au Kampala na kwenu ni safari ya siku nzima, usipande basi na mtoto mwenye joto. Nenda hospitali ya karibu yenye dripu na antibayotiki, kisha mpe daktari wa pale simu aongee na wodi yenu. Ndiyo maana nakala za barua ni tatu. Afadhali uende hapo mapema, kabla mtoto hajapata joto, ukajitambulishe kwa mganga mfawidhi mchana, akiwa na nafasi ya kukusikiliza.

Kipimo cha kufaulu hapa ni dakika. Andika saa ulipoona 38 na saa dripu ilipoanza, kisha safari ijayo jitahidi kupunguza muda huo. Mara ya mwisho sisi tulitumia dakika hamsini na tano kutoka kitandani hadi sindano, na mtoto alirudi nyumbani siku ya nne.

## Hatua ya 6: Chakula na kinywa

Chakula chochote cha kawaida kilichopikwa kikaiva na kuliwa cha moto kinafaa. Ugali, wali, maharage, dagaa, samaki, mayai yaliyoiva mpaka kiini, ndizi za kupika, mchicha uliopikwa. Hahitaji vyakula vya gharama.

Zile siku nyekundu ondoa kachumbari, maziwa mabichi, mtindi wa kienyeji, mayai ya majimaji, juisi za barabarani na matunda yaliyokatwa na muuzaji. Embe, papai, ndizi na chungwa osha na umenye mwenyewe. Kiporo cha jana wape wakubwa. Maji chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya kutibu maji kwa kipimo chake. Karanga za uji zichague moja moja, maana zenye ukungu zina sumukuvu.

Akikataa kula, usimlazimishe kwa kumbana pua. Mpe kidogo kila saa mbili, kwenye sahani ndogo. Wengi ladha inawabadilika, nyama inakuwa kama chuma mdomoni, basi jaribu yai au samaki. Mpime uzito kila wiki kwenye mizani ileile.

Kinywa kisukutuliwe baada ya kila mlo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja ya maji hayo. Chungulia kila siku kwa tochi ya simu. Vidonda au utando mweupe uonyeshe wodini mapema, kwa sababu kinywa kikiuma mtoto hatakula, na asipokula dozi ijayo inaweza kuahirishwa.

Kuhusu majani ya mstafeli, mlonge, na chupa zisizo na jina. Mama mkwe wangu alileta chupa moja kutoka Tanga, kaipata kwa shida na kwa mapenzi. Sikumbishia. Niliibeba kwenda nayo kliniki, daktari akanieleza mbele ya baba yake mtoto kuwa baadhi ya miti shamba inaongeza mzigo kwenye ini ambalo tayari linahangaika na kemo, na nyingine zinapunguza nguvu ya dawa. Tuliporudi nilimpa Bibi kazi nyingine: yeye ndiye mwenye uji wa asubuhi na mwenye kuhesabu vidonge. Bibi hakukosea kuhesabu hata siku moja. Watu wa nyumbani wanaleta chupa kwa sababu wanataka kufanya kitu. Wape kitu cha kufanya.

## Hatua ya 7: Wageni, tetekuwanga na chanjo

Wageni wachache, wazima, walionawa. Wa mafua abaki nje, aongee dirishani.

Tetekuwanga na surua ni habari nyingine. Mtoto wako akikaa chumba kimoja na mwenye ugonjwa huo, piga simu siku hiyohiyo hata kama hana dalili yoyote. Kuna dawa za kumkinga, lakini muda wake ni siku chache tu tangu akutane na mgonjwa. Mwambie mwalimu wa kaka na dada zake akutumie meseji mara tu ugonjwa huo ukiingia shuleni.

Chanjo. Mtoto aliye kwenye kemo hapewi chanjo zenye vijidudu hai, kama surua-rubela na matone ya polio, mpaka daktari wake aseme. Wakati wa kampeni za nyumba kwa nyumba, wahudumu wanakuja wewe ukiwa sokoni. Mwambie kila anayebaki nyumbani, na bandika karatasi mlangoni kama ni lazima. Ndugu zake waendelee na chanjo zao, ila kabla ya kupewa matone ya polio mwambie nesi kuwa nyumbani kuna mtoto mwenye kinga ndogo.

## Hatua ya 8: Wengine ndani ya nyumba

Kaka yake binti yangu aliacha kucheza mpira. Nilidhani ni uchovu. Jioni moja nafua shati lake la shule, akaja akasimama nyuma yangu akauliza, "Mama, ukipigwa tumboni unapata kansa?" Wiki moja kabla hatujaenda hospitali walikuwa wamegombania baiskeli, akampiga dada yake. Miezi mitatu alikuwa ameibeba ile siri.

Kwa hiyo waambie watoto wengine mapema, kwa maneno yenye jina: ugonjwa unaitwa saratani, hauambukizi, hakuna aliyeusababisha, wala kwa kumpiga wala kwa kumtamkia mabaya. Waambie nani atawapikia na nani atawapeleka shule ukiwa wodini. Kisha kila mmoja apate nusu saa yake na wewe kwa wiki, bila mgonjwa. Nilikwenda na yule kijana kununua mihogo ya kukaanga, tukakaa kwenye kizingiti cha duka tukala. Basi, hivyo tu.

Mgonjwa naye aambiwe ukweli kwa umri wake. Usimwambie "leo hatuchomwi sindano" halafu achomwe. Mwambie: "Utachomwa, itauma kidogo, mimi nitakushika mkono, halafu tutarudi." Ukimdanganya mara moja, safari ijayo atapigania mlango wa gari. Nywele zikianza kudondoka, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu, mwandae kabla hajazikuta kwenye mto. Na sheria za nyumba zibaki. Mtoto anayeruhusiwa kupiga wenzake kwa sababu ni mgonjwa anaanza kuogopa, anahisi kuna kitu kibaya mnamficha.

Wazazi: gawaneni kazi kwa maandishi. Nani kliniki, nani vidonge, nani pesa. Baba asiwe mtuma pesa tu. Mwache aende kliniki walau mara moja kwa mwezi, asikie kwa masikio yake, ndipo hataambiwa na mtu wa baa kuwa mnapoteza muda.

Maneno ya watu yatakuja: amerogwa, ni laana, mmemkosea mizimu. Chagueni sentensi moja na mrudie wote: "Ni saratani, anatibiwa, ombeni naye." Asiyetosheka na hiyo hana haki ya zaidi.

## Hatua ya 9: Pesa na kurudi kliniki

Hapa ndipo familia nyingine zinapokwama, na zinakwama kwa furaha. Mwezi wa kwanza ukiisha mtoto wa lukemia anaonekana mzima. Anacheza, anakula, kipimo kinasema seli mbaya hazionekani. Nauli inauma, shamba linasubiri, babu anasema mtoto kapona. Hawarudi.

Kutoonekana kwenye hadubini si kwisha. Seli nyingi bado zimejificha, ndiyo maana matibabu ya lukemia kwa watoto yanachukua kama miaka miwili hadi mitatu. Saratani ya figo au ya Burkitt (saratani ya tezi za limfu) huchukua miezi, lakini nazo zina mwisho wake uliopangwa. Ugonjwa ukirudi baada ya dawa kukatizwa, huwa mgumu zaidi kuutibu. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Linataja kuacha matibabu kuwa miongoni mwa sababu. Hii moja iko mikononi mwetu kwa sehemu.

Fanya hivi:

- Wiki ya kwanza kabisa muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Uliza kuhusu msamaha wa gharama, nauli na malazi. Muhimbili, kwa mfano, shirika la Tumaini la Maisha linafanya kazi na wodi za saratani za watoto ili familia zisilipie matibabu, na kuna hosteli kwa wanaotoka mbali. Wapo waliouza ng'ombe kabla ya kuuliza.
- Omba nauli kwa tarehe. Ukisema "tusaidieni" watu wanatoa mara moja. Ukipeleka kalenda kwenye kikoba au jumuiya ukasema "tarehe 14 ni fulani, tarehe 28 ni fulani", kila mmoja anajua zamu yake.
- Mwajiri apewe barua ya hospitali mapema, na aonyeshwe tarehe.
- Ukishindwa kufika, piga simu kabla. Wodi haitakugombeza kuliko itakavyokutafuta. Siku mbili za kuchelewa zinarekebishika. Aibu ya kuchelewa ndiyo inayogeuka kuwa miezi.

Jioni ya kuamkia kliniki, fungua daftari ukurasa mpya. Andika maswali matatu tu, lile la muhimu likiwa la kwanza. Weka juu yake kadi, barua na joto la wiki nzima. Mpigie dereva umwambie saa kumi na moja alfajiri. Mwogeshe mtoto, mpime, na umwache achague mwenyewe kitu kimoja cha kubeba. Wa kwangu alibeba kijiko cha plastiki cha kijani safari zote, na manesi walishazoea kumuuliza kiko wapi.